Ngitili ya Kilima Unga

Lyamba alikuja na habari njema, na ndiyo maana zilimchoma Monika zaidi.

Angekuja kwa ubishi, angepokelewa kwa ubishi. Monika, mjane wa Luhende, hakuwa mtu wa kunyamazishwa, na shemeji yake huyo alilijua hilo tangu walipohama pamoja kutoka Meatu, wiki tano njiani nyuma ya ng'ombe, mpaka wakaja kutua huku Mpanda. Lakini Jumatatu hiyo Lyamba alikuja amevaa koti, kwenye jua lile la Septemba. Akasalimia, akaweka fimbo yake chini kwa heshima, akapokea maziwa ya mgando, akanywa taratibu mpaka akaona kitako cha kibuyu.

"Shemeji," akasema, "jana sungusungu tumekaa. Jumamosi tunafungua ngitili ya Kilima Unga. Na kwa kuwa wewe ndiye uliyeifunga, ng'ombe wako ndio watakaotangulia. Mwanamke kutangulia kwenye ngitili, umewahi kusikia wapi? Wengine walinuna. Nikawaambia, mnune msinune, mwenyewe ni yule mama."

Alisema huku anatabasamu, jamani. Alidhani anampa zawadi.

Monika alikuwa ameshika kata, anataka kumwongezea maziwa. Akairudisha kata chunguni. Kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu akaona kosa lake lilivyokuwa kubwa, tena kosa lake mwenyewe, hakuna wa kumsukumia.

Kwa asiyeijua, ngitili ni kipande cha malisho ambacho Wasukuma hukifunga mvua zikianza. Haingii hata ndama. Nyasi zinaota, zinarefuka, zinakauka zikiwa zimesimama, na kiangazi kikishabana, kwingine kote kumebaki vumbi, ndipo inafunguliwa ng'ombe wapone. Aliyeifunga hutanguliza wake, na wengine wanafuata kama yeye alivyoingia. Ukivunja kabla ya siku, unatozwa dume, kijiji kizima kinakuja kulila mbele yako. Sheria hiyo haiandikwi popote na haivunjwi ovyo. Ndiyo maana Monika aliichagua.

Na Kilima Unga si kilima alichokiumba Mungu. Zamani, kabla ya uhuru, Wazungu walichimba pale madini ya risasi. Walisaga mawe, wakachukua walichokitaka, mabaki wakayamwaga nje, mwaka baada ya mwaka, mpaka yakawa kilima. Siku moja wakafunga virago. Yakabaki mashimo, vyuma vya kutu, na kilima cha vumbi la kijivu, laini kama unga wa muhogo. Wenyeji wa pale, Wakonongo na Wabende, hawakuwa na ng'ombe, kwa hiyo hawakujua lolote; walikuwa wanapita tu kando. Wasukuma wakaja na ng'ombe. Sasa Msukuma akifika ugenini, la kwanza huuliza maji, la pili huuliza chumvi ya ng'ombe iko wapi, ule udongo ambao mifugo hulamba ikashiba na ikanenepa. Kiangazi, kile kilima kilikuwa kinatoka ukoko mweupe. Ng'ombe wakaulamba, wakang'ang'ania, kuwatoa ni kazi. Watu wakafurahi. Wakasema Mungu ametupa maji, na chumvi ametuwekea mlima mzima! Walichagua kujenga pale kwa sababu ya kilima kile, tuseme ukweli.

Mwaka wa tisini na nne ng'ombe wakaanza kuzunguka. Anazunguka upande mmoja tu, anasaga meno, anapofuka macho yakiwa wazi, halafu anaweka paji la uso kwenye mti na kusukuma, anasukuma mpaka anaanguka. Walikufa thelathini na nne kijijini, tisa wa Monika. Siku ya yule wa tisa, Gaspar, bwana mifugo kutoka mjini, alimpasua mbele yake, akaingiza mkono tumboni, akatoa konzi ya kitu cha kijivu.

"Mama, hiki ni nini?"

Monika alishajua kabla kijana wa watu hajamaliza kuuliza.

Wilayani wakaleta kibao chenye fuvu la kichwa. Kibao kilikaa siku nne, ya tano kikawa mlango wa banda la kuku la mtu, na hakuna aliyeona ajabu, maana bati lenyewe lilikuwa zuri. Ukimwambia mtu sumu, anakujibu, mbona wangu wamelamba na wapo? Hapo ndipo Monika akasimama katika mkutano wa wanaume, mjane, kanga kiunoni, akasema: hapa nafunga ngitili. Neno moja tu, na lilitosha. Wakapanda ua wa minyaa na mkonge kuzunguka kilima chote. Majike waliokuwa wameanza kulegea lakini hawajalamba sana, wengi walipona. Miaka mitatu hakufa ng'ombe hata mmoja kwa upofu. Na nyasi, kwa kuwa hakuna mdomo uliozigusa, zilipanda toka pembeni mpaka juu ya kilima, zikaushika ule unga, vumbi likaacha kuruka majumbani. Watu wakamsifu Monika. Naye alisifika, usidhani hakusifika. Alitembea kifua mbele.

Kumbe ngitili hufunguliwa. Kila mtoto wa Kisukuma anajua hufunguliwa; ni vile tu viangazi viwili vilivyopita malisho ya mabondeni yalitosha, hakuna aliyeiulizia. Yeye, katika ujanja wake wote, hilo hakuliwaza.

"Shemeji," akasema sasa, "ile haifunguliwi."

Lyamba akacheka. Alipoona anacheka peke yake, akaacha.

"Unasemaje?"

"Nasema ile nilifunga kwa sababu ya sumu. Sumu bado ipo."

"Ng'ombe watakula nyasi, hawatalamba udongo. Nyasi hazina risasi."

"Ng'ombe mwenye njaa hakati nyasi, shemeji, anang'oa. Unawajua kuliko mimi. Anang'oa na mzizi, na mzizi umekaa kwenye unga."

"Miaka mitatu mvua inaosha!"

"Imeosha nini? Nenda kachimbue kwa kidole uone."

Lyamba akainuka. Ule uso wa zawadi ulikuwa umeisha. Yeye ndiye alikuwa kamanda wa sungusungu, walinzi wa kijiji, mtu mrefu, sauti nzito, na alikuwa na ng'ombe arobaini na wawili waliobaki mifupa na ngozi. Watano walikuwa wameanguka mwezi huo. Mvua za mwaka huo, wa tisini na saba, zilikuwa zimekatika mapema, mabonde yamepasuka, na kila alfajiri wanaume walikuwa wanawainua ng'ombe kwa kuwashika mkia.

"Wewe ulisema ngitili," akasema. "Hukusema sumu. Ulisimama mbele yetu ukasema ngitili, tukakuheshimu, tukawachapa hadi watoto wetu kwa ajili ya neno lako. Leo ng'ombe wanakufa, nyasi zimesimama pale, unatuambia haifunguliwi? Ngitili gani hiyo?"

"Nilikosea," Monika akasema.

"Basi umekosea. Jumamosi tunafungua. Usipotanguliza wako, nitatanguliza wangu, kwa niaba ya marehemu kaka yangu."

Akachukua fimbo yake akaondoka. Monika alibaki amekaa kwenye kigoda, hasira imempanda, na hasira yenyewe nusu ilikuwa juu yake mwenyewe. Akatazama zizini. Alikuwa na kumi na mmoja tu, wawili kati yao maksai wa kulimia. Mbavu zao ungeweza kuzihesabu ukiwa umesimama barabarani. Je, na yeye hakuzitamani zile nyasi? Alizitamani sana. Lakini alikuwa ameuona ule mkono wa Gaspar ukitoka tumboni, na mtu akishaona kitu kama kile hawezi kujifanya hakuona.

Alhamisi alipata lori la mkaa, akalidandia mpaka mjini. Gaspar alimsikiliza mpaka mwisho, akiwa amekaa juu ya ndoo ya dawa ya kuogeshea. Alisema ng'ombe wakiingia mle wiki moja, kijiji kitazika ng'ombe mpaka Krismasi. Alisema ataandika barua.

"Andika," Monika akasema, "lakini barua ng'ombe hali. Jumamosi ni keshokutwa."

"Basi mama, ngoja nikwambie jambo, usikasirike. Hao watu wana njaa ya ng'ombe. Ukiwaambia wasile hapa, uwaambie wale wapi."

Monika alikasirika vizuri tu, kwa sababu kijana alikuwa amesema kweli.

Alirudi kwa njia ya Kakese, kwa miguu, ana kwa ana na jua. Huko kwa wakulima alikuwa anamfahamu Sylvanus, Mkonongo mmoja mwenye maneno mengi ambaye alikuwa akibadilishana naye mahindi kwa samli. Alimkuta juu ya paa la nyumba yake, amekaa kwenye kenchi, miguu inaning'inia ndani ya chumba. Paa lilikuwa na tundu la kupitisha kitanda.

"Karibu, mama wa Kisukuma!" Sylvanus akapiga kelele toka juu. "Umekuja kuiona nyumba yangu? Itazame vizuri. Ng'ombe wenu wameila."

"Ng'ombe wangu wameila saa ngapi? Hawana hata nguvu za kutembea mpaka huku."

"Nyasi za kuezekea za bonde lote hili nani kazila? Mimi? Mke wangu Specioza? Mvua zinakuja, na redio inasema safari hii zitakuja za kufuru. Nyumba kumi na tano hapa hazina nyasi. Tutalala tumefungua miamvuli, nyie Wasukuma mtacheka."

Monika alishasogea kando ya ukuta. Alikuwa anatazama nyuma ya nyumba. Mabua ya mahindi yalikuwa yamelundikwa pale, malundo manne marefu kuliko mtu, na mbele zaidi shamba la bondeni lilikuwa limejaa majani ya mpunga, makavu, yamelala tu.

"Baba, yale mabua ni ya nini?"

"Ya moto. Kesho nawasha, nisafishe shamba. Na jirani zangu vilevile."

"Usiwashe!"

Alipiga ukelele mpaka Specioza akatoka jikoni na mwiko. Sylvanus nusura aanguke ndani ya chumba chake mwenyewe.

Akashuka. Wakakaa kivulini. Monika akamweleza yote, hakumficha kitu, kwa sababu hakutaka kujenga jambo jipya juu ya kosa la zamani. Nyasi anazo, nyingi, ndefu, zimekomaa, lakini ni za Kilima Unga. Zitakatwa shubiri moja juu ya ardhi, zisiguse mzizi, zikung'utwe palepale mpaka zitoke safi. Paani, sawa. Kwenye godoro, hapana. Kwa mbuzi, hapana kabisa.

Sylvanus akakuna kidevu.

"Mbuzi wangu hawajawahi kufika juu ya paa," akasema, "na mimi huwa nalala chini ya paa, silitafuni. Mkokoteni mmoja wa nyasi kwa lundo moja la mabua na shamba la kuchungia. Unasemaje?"

"Na majirani?"

"Hao niachie mimi. Nitawatia hofu ya mvua."

Alifika nyumbani miguu imevimba, lakini alikuwa anatembea kama zamani, kifua mbele. Ijumaa yote alikaa na mkwewe Felista wanasuka katani. Walisuka vikapu viwili vya matundu makubwa, vya kuenea mdomo wa ng'ombe, na kamba za kufungia nyuma ya pembe. Felista aliuliza vya nini, na alipoambiwa akacheka mpaka akafuta machozi.

"Mama, watatuzomea."

"Watuzomee. Mimi nimeambiwa nitangulie, natangulia. Na wao watafuata kama nilivyoingia, si ndiyo desturi? Hakuna aliyeniambia nitanguliaje."

Jumamosi asubuhi kijiji chote kilikuwa kwenye ua. Ng'ombe walikuwa zaidi ya mia tatu, na njaa ilikuwa imewafanya wawe kimya. Walikuwa wamesimama tu wakinusa, pua zinacheza. Nyasi nyuma ya ua zilikuwa za rangi ya dhahabu, ndefu kumpita mtu, zinalala na kuinuka kwa upepo. Ungekuwa wewe ng'ombe wako anakufa, ungefanyaje? Hata wale waliokuwa wanakumbuka mwaka wa tisini na nne walikuwa wanatazama nyasi, hawatazami kingine.

Lyamba alikuwa mbele na jike lake la kwanza, Madoa, mama wa nusu ya zizi lake, mwenye mimba kubwa. Sungusungu walikuwa wameshang'oa mkonge na kukata minyaa, wameacha mwanya wa kupita ng'ombe wawili. Kila mtu akageuka kumtazama Monika.

Monika akaja na maksai wake wawili chini ya nira, wanavuta mkokoteni. Midomoni vikapu. Nyuma ya mkokoteni Felista, miundu miwili begani, kanga imefunga pua na mdomo. Wale kina mama wakaanza kucheka, kisha vijana, kisha kila mtu.

"Mama Monika, ng'ombe wako wanaenda sokoni?"

"Wamejifunga midomo, wanaogopa mafua!"

Hakugeuka. Akawapitisha kwenye mwanya, akasimama ndani, akafunga kanga yake usoni, akainama na kukata. Konzi moja, akaikung'uta. Vumbi la kijivu likatoka na kuelea, na likashuka taratibu juu ya miguu yake. Konzi ya pili. Vicheko vikapungua.

Akainuka, akateremsha kanga, akasema kwa sauti ya kufika nyuma kabisa:

"Ngitili nimeifungua. Mimi ndiye mwenyewe na hivi ndivyo nilivyoingia, na kila atakayeingia ataingia hivihivi. Nyasi hizi zinakwenda Kakese kuezeka nyumba. Huko tumepewa mabua, tumepewa majani ya mpunga, mashamba kumi na tano. Ng'ombe wanakwenda leo hii, watakula leo hii. Hapa hapaliwi kitu. Nilikosea kuwaambia ngitili bila kuwaambia mwisho wake, kosa ni langu, nitukaneni mnavyotaka. Lakini hapaliwi."

Minong'ono ikaanza. Kuna waliotikisa kichwa kukubali, kuna walioguna. Kakese ni mwendo wa saa mbili na nyasi ziko hatua mbili. Mtu mmoja akasema kwa sauti kwamba huyu mama anatuchezea.

"Ametuchezea!" Lyamba akafoka. Uso ulikuwa umemwiva. "Desturi ya nani ng'ombe kuingia malishoni amefungwa mdomo? Haya, ngitili imefunguliwa, nyie mmeona. Wa pili ni mimi. Madoa, twende!"

Akampiga Madoa kibao cha kiuno. Madoa akaondoka. Mwanya ulikuwa mbele yake, mpana, mweupe kwa jua. Madoa hakwenda kwenye mwanya. Alikwenda moja kwa moja kwenye ua, akaingiza kichwa katikati ya minyaa, matawi yakakatika, utomvu mweupe ukamtiririka usoni na machoni, naye hata hakupepesa. Akaweka paji la uso kwenye mkonge. Akaanza kusukuma.

Mahali pale palikuwa na watu mia mbili, na ulikuwa unasikia meno ya ng'ombe yule yakisagana.

Lyamba alisimama na mkono bado uko juu. Monika akatoka kwenye mwanya, akaenda mpaka karibu naye, akasema kwa sauti ya chini, ya mtu na shemeji yake:

"Tangu lini?"

Lyamba akaushusha mkono.

"Wiki ya pili. Huku chini, kwenye korongo, nilimfungulia mwanya. Yeye peke yake, asubuhi asubuhi." Akaonyesha tumbo la ng'ombe. "Ana mimba, shemeji. Alikuwa hawezi kuinuka. Niliona huruma."

Maneno hayo aliyasema kwa sauti ya chini, lakini walioko mbele walisikia, wakawapa walioko nyuma. Kamanda wa sungusungu amevunja ngitili. Yeye aliyewachapa watoto wa wenzake. Monika aliyaona macho ya watu yakimgeukia yeye, yanasubiri. Angeweza kummaliza pale pale. Miaka yote ile ya kuambiwa mwanamke hasemi habari za ng'ombe, angeweza kuilipiza kwa sentensi moja, na nisiseme uongo, sentensi yenyewe ilikuwa ulimini.

Akamtazama Madoa. Akavua kanga yake, akamfuta ng'ombe yule utomvu machoni, pole pole, jicho moja baada ya jingine. Kisha akamshika pembe, akamrudisha nyuma, akamtoa kwenye ua.

"Dume," Lyamba akasema. Sasa alikuwa anasema kwa sauti, anawatazama watu wake. "Anayevunja ngitili anatoa dume. Natoa. Chagueni mnalotaka zizini kwangu."

"Ngitili ni yangu, nachagua mimi," Monika akasema. "Nataka lile maksai lako jekundu na mwenzake. Na mkokoteni wako. Hawachinjwi. Watavuta nyasi mpaka kilima hiki kiishe kukatwa, na wewe utakuwa unawaswaga."

Mtu mmoja nyuma akauliza, kwa uoga, kama basi Madoa atachinjwa, maana watu hawajaona nyama siku nyingi. Lyamba ndiye aliyejibu.

"Haliwi huyu. Akifa azikwe, na atakayefukua nitamshughulikia mimi mwenyewe." Akavua koti lake, akaliweka juu ya ua. "Haya, mnanitazama nini? Nani ana mundu? Wanawake fungeni kanga puani. Nyie vijana, geuzeni ng'ombe, wote, njia ya Kakese. Na mwanya wa korongoni uzibwe sasa hivi. Ninyi watatu, chukueni mkonge!"

Wakageuza ng'ombe. Haikuwa rahisi, walikuwa wanalia, wanageuza shingo nyuma, vijana wakawa wanawasukuma kwa mabega. Lakini waligeuka. Walioingia kukata waliingia kwa nira na vikapu, na waliokosa vikapu walifunga midomo ya maksai wao kwa vitambaa, na mmoja kwa kofia yake. Felista akasimama katikati anawaonyesha shubiri moja ni kiasi gani, kwa sababu wanaume, ukiwaacha, wanakata mpaka ardhini.

Mikokoteni saba ya kwanza ilifika Kakese jua linainama. Sylvanus alikuwa ametimiza neno lake, tena amezidisha. Njia nzima watu walikuwa wamesimama nje ya nyumba zao na mikono kiunoni, wanawatazama Wasukuma wakileta nyasi badala ya kuzila. Utani ulirushwa kutoka pande zote. Ng'ombe walipoona mabua waliingia mbio, na ile sauti ya mia tatu wanatafuna kwa pamoja ilimfanya Monika akae chini, palepale vumbini, akacheka peke yake huku machozi yanamtoka. Wataishi. Mpaka mvua, wataishi.

Lyamba alikuja wa mwisho. Maksai wake alikuwa amempa mpwa wake awaongoze, kwa sababu yeye alikuwa anatembea na Madoa, ameshika pembe yake, anamwambia mahali pa kukanyaga, jiwe, shimo, inua mguu. Saa mbili alikuwa amezifanya nne. Akamfikisha kwenye lundo la kwanza, akamsimamisha. Madoa alinusa, akajua kuna kitu, akatafuta kwa pua upande ambao hakipo.

Lyamba akakaa kwenye kigogo. Akachukua bua moja, akalivunja vipande kwa goti, akampa kipande mdomoni. Akasubiri akitafune. Akampa kingine. Alipomwona Monika anakuja, hakuinuka wala hakusimamisha mkono.

"Gaspar alisema yule aliyekula kidogo anaweza kupona," akasema. "Alisema hivyo, au sivyo?"

"Alisema wengine hupona."

"Na ndama?"

Monika hakujua, akamwambia hajui. Lyamba akaitika kwa kichwa. Akavunja bua jingine. Monika alisimama naye kidogo, kisha akaenda kumsaidia Sylvanus kushusha nyasi.